Baiskeli nyepesi ya gia moja: nilivyoijenga yangu kwa vipuri vya mtumba

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nimeona picha ya baiskeli yako. Nina laki mbili na nusu mkononi, na mimi nataka nyepesi ya barabarani. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini maswali ya aina hii yamekuwa mengi tangu niliporudi kutoka safari ya Bagamoyo na baiskeli hiyo, kwa hiyo leo nayajibu hapa kwa wote.

Kwanza tuelewane. Gia moja si jambo geni kwetu. Sisi tumekulia kwenye Phoenix na Avon, na wazee wetu wamebebea mkaa, maji na wagonjwa kwa gia hiyo hiyo moja. Tulichokikosa ni wepesi. Phoenix kamili ina karibu kilo 20, na aliyewahi kuisukuma kupanda Pugu hahitaji maelezo yangu. Yangu niliipeleka bucha la mtaani kwetu, mwenyewe akaitundika kwenye ndoano ya nyama, na mshale ukasimama kwenye kilo tisa na nusu. Waliokuwa wamepanga foleni wakaja mmoja mmoja kuinyanyua kwa vidole viwili. Sifichi, siku ile nilitembea kifua mbele.

Wepesi unaanzia kwenye fremu, na fremu haichaguliwi kwa rangi. Kariakoo wanakoshusha baiskeli za mtumba za Japani na Ulaya, wengi wanakimbilia zinazong'aa. Mimi nilivuta moja iliyokuwa chini kabisa ya rundo, rangi imebabuka, stika zote zimetoka, ila foku yake, ule uma wa gurudumu la mbele, ipo na haijapinda. Nikalegeza nati, nikachomoa nguzo ya kiti, nikaifuta kwa kitambaa. Pale chini pamepigwa muhuri: 27.2. Nikalipa bila kuendelea kubembeleza bei.

Namba hiyo ina siri yake. Fremu nyingi za chuma za zamani za barabarani, bomba lake la kiti kwa nje lina milimita 28.6. Sasa kama nguzo inayoingia ndani ina 27.2, ujue ukuta wa bomba ni mwembamba sana, na chuma kinachovumilia wembamba huo ni chuma bora. Ukikuta 25.4 au 26, ukuta ni mnene, fremu ni nzito, irudishe kwa adabu uendelee kutafuta. Ukibahatika kukuta stika ya Reynolds 531, Columbus, Tange au Ishiwata, majina ya mabomba bora ya chuma cha baiskeli, mshukuru Mungu, lakini bado chomoa nguzo uangalie, maana stika inaweza kubandikwa na yeyote.

Cha pili ni zile ncha za nyuma zinazoshika ekseli. Mdomo wake uwe umelala, gurudumu liweze kuvutwa nyuma na kusogezwa mbele. Ukiwa umesimama wima hutaweza kukaza cheni, na baiskeli ya gia moja haina kile kikono cha chini cha kuivuta. Fremu mpya nyingi zina mdomo wa wima. Hapa kizee kinashinda kipya.

Nilipofika nayo mtaani, fundi mmoja ninayemheshimu kwa umri wake aliitazama, akaipiga teke dogo, akasema mbele ya watu, "Kijana, hiyo kawape wauza chuma chakavu, upate hela ya soda." Watu wakacheka. Sikumjibu, lakini maneno yale nimekaa nayo mpaka leo, na nayaandika hapa kwa sababu najua na wewe utaambiwa. Atakuambia fundi, au jirani, au mjomba. Usipokijua unachokitafuta, kicheko cha mtu mmoja kinatosha kukufanya uache. Jifunze kwanza, ndipo uende sokoni.

Pesa iwekeni kwenye magurudumu. Nalisema hili kila mara na nitazidi kulisema. Uzito unaozunguka ndio unaouhisi kila unapoanza kuondoka kwenye taa. Mimi sokoni nakwenda na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Naigusisha kwenye rimu: ikinata, hiyo ni chuma, ni nzito, na mvua ikinyesha breki hazishiki. Isiponata ni aluminiamu, ndiyo tunayoitaka. Halafu zungusha gurudumu ukiwa umeshika ekseli kwa vidole. Ukisikia mkwaruzo, gololi au koni, vile vipande vinavyobana gololi kwenye ekseli, zimeliwa. Gololi ni rahisi kubadilisha, koni iliyochimbika ni usumbufu.

Angalia na saizi. Baiskeli nyingi za zamani zilikuja na magurudumu ya inchi 27, ambayo tairi zake kuzipata ni shida. Weka 700C, saizi ya barabarani iliyo ya kawaida siku hizi. Kipenyo cha rimu yake ni kidogo kwa milimita 8 tu, kwa hiyo mipira ya breki unaishusha milimita 4 na mambo yanakaa sawa, mradi mikono ya breki iwe na nafasi ya kushuka.

Kutoa gia kwenyewe ni kazi ya jioni moja, sitaieleza sana. Fungua vikono vya gia, waya zake na sproketi (yale magurudumu ya meno) za ziada, bakiza moja mbele na moja nyuma. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa la kaseti, yaani la kupanga sproketi kadhaa, nikaweka sproketi moja na kujaza nafasi iliyobaki kwa vipande vya bomba la plastiki la maji nilivyovikata kwa msumeno wa chuma. Ukichuchumaa nyuma ya baiskeli, cheni uione imenyooka kutoka meno ya mbele mpaka ya nyuma. Ikikaa mshazari itatafuna meno, na ikiruka wakati umesimama kwenye pedeli, kifua chako kitakutana na usukani. Iache iwe na mchezo wa kama sentimita moja katikati, usiikaze kama gitaa.

Meno mangapi? Mimi nina 42 mbele na 17 nyuma. Kila mzunguko wa pedeli unanipeleka mita 5 na kidogo, na nikizungusha mara 90 kwa dakika nakwenda kilomita 28 kwa saa. Wapo watakaokushauri 16 nyuma. Kwa barabara tambarare isiyo na upepo, sawa. Lakini kurudi kutoka Bagamoyo msimu wa kusi, upepo unakupiga usoni kuanzia Kerege mpaka Tegeta, na hapo jino moja la ziada ni rehema.

Hiyo safari ya Bagamoyo nayo ina habari yake. Kundi nililoomba kwenda nalo, mmoja wao aliitazama baiskeli yangu akauliza kama nitaweza kufika Bunju bila gia, wasije wakanisubiri. Yake ilikuwa ya kaboni, ya mamilioni. Tulifika Bagamoyo pamoja, na Mapinga ni mimi niliyekuwa mbele nikiwakingia upepo. Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikungoja.

Ndugu zangu vijana, hapa nasema kwa uchungu. Kuna mtindo wa kuiga picha za Ulaya na Marekani, baiskeli safi isiyo na breki hata moja. Wale baiskeli zao gurudumu la nyuma limeshikana na pedeli, wanapunguza mwendo kwa miguu, na hata hivyo wanaumia. Wewe una friwili, gurudumu linaendelea kuzunguka hata ukiacha kukanyaga pedeli. Ukitoa breki hakuna kitu chochote duniani kitakachokusimamisha bajaji ikikukatia mbele Mwenge. Gramu zile hazilingani na maisha yako. Mama yako hakukulea miaka yote hiyo ili uzikwe kwa ajili ya picha. Weka breki mbili, mbele na nyuma, na ujaribu zote kabla ya kutoka getini.

Na vitu vinne usivinunue mtumba hata ukipewa kwa bei ya karanga: cheni, waya za breki, mipira ya breki na tairi. Cheni iliyovutika itaharibu sproketi nzuri ndani ya muda mfupi. Waya uliokwisha kutumika unaweza kuwa umekatika nyuzi kwa ndani bila wewe kuona. Tairi, libonyeze pembeni kwa kidole gumba. Likionyesha nyufa ndogo ndogo, hata kama kashata zake bado zimejaa, liache hapo hapo lilipo.