Majivu kwenye bustani ya Kisauni: kwa nini mboga zinageuka njano

SWALI: Nina kibustani nyuma ya nyumba, Kisauni, Mombasa. Kila wiki namwagia mchicha na sukuma wiki majivu ya kuni, na yanayobaki natia kwenye shimo la mboji pamoja na kinyesi cha kuku. Sasa majani machanga yanageuka njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Jirani ananiambia niongeze majivu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usiongeze hata kijiko.

Njano ya namna hiyo, inayoanzia majani machanga, ni dalili ya mmea kukosa chuma. Si kwamba chuma hakimo udongoni; kimo, ila kimefungwa na mizizi haikipati. Kisauni, kama Nyali na Bamburi, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa, ndiyo inayokifunga chuma hicho. Mara nyingi udongo wa huko umeshapita pH 7.5 (kipimo cha asidi; juu ya 7 si asidi tena, ni upande wa chokaa) kabla hujaugusa. Majivu ya kuni nayo yana takribani nusu ya nguvu ya chokaa ya kilimo, kwa hiyo kila wiki unatia chokaa juu ya chokaa. Ukimwagilia maji ya kisima yenye chumvi, unazidi kuumiza.

Jaribu hivi: chukua udongo mkavu kidogo, udondoshee siki. Ukitoa vipovu, una chokaa ya kutosha.

Jambo linaloniudhi kila nikikutana nalo ni hili la kuyaita majivu mbolea ya kila mmea. Naitrojeni, ambayo ndiyo mchicha unaililia, iliondoka na moshi. Kilichobaki ni kalisiamu, potasiamu kiasi na chumvi nyingine. Mkulima wa Kericho akinyunyiza majivu kidogo kwenye mboga ataona faida, kwa sababu udongo wa kule una asidi, ndiyo maana chai inastawi. Ushauri wake ukiletwa Mombasa unaharibu. Na sasa wapo wanaoyafunga kwenye mifuko na kuyauza kama dawa ya udongo wowote. Anayekuuzia bila kukuuliza unalima wapi anakuuzia hasara.

Kwenye mboji nako acha. Majivu yakikutana na kinyesi cha kuku hutoa ile harufu kali inayochoma macho: hiyo ni amonia, naitrojeni yako inapotelea hewani. Tumia majani makavu na taka za jikoni. Maganda ya ndizi yatakupa potasiamu bila chokaa hiyo yote. Kwenye matuta tandaza mboji iliyoiva, funika kwa makumbi, na ukipata maji ya mvua, hayo ndiyo ya kumwagilia.

Majivu safi ya kuni yachanganye na kunde kavu za kuweka ghalani. Huko yanazuia fukusi kweli. Lakini majivu ya jaa, yaliyochomwa pamoja na plastiki au mbao za rangi, yasifike kwenye mboga zinazoliwa, hata kama shamba lako liko Kericho.