Siku nne za mandhari na mvinyo: nendeni Lavaux

Ndugu muulizaji, kwa kuwa mna siku nne tu, mnataka mandhari, matembezi yasiyochosha na mvinyo, wala hampendi kuendesha gari ugenini, ningewashauri mwende Lavaux, nchini Uswisi. Ni mteremko wa mizabibu iliyopandwa kwenye matuta yenye kuta za mawe, juu ya Ziwa Geneva, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2007. Treni huanzia kwenye uwanja wa ndege wa Geneva hadi Lausanne, mji ulio jirani na Lavaux. Fikieni huko huko, msihamehame hoteli.

Njia ya miguu ya kupita kwenye mizabibu, kutoka kijiji cha Saint-Saphorin hadi Lutry, ina takriban kilomita 11, lakini hamlazimiki kuimaliza, kwani vijiji vya njiani, kama vile Rivaz, Epesses na Cully, vina vituo vya treni. Tembeeni asubuhi, maana kivuli ni kidogo na kuta zile hurudisha joto la jua, kisha mpumzike Cully mkionja Chasselas, mvinyo mweupe mwepesi ambao Waswisi hunywa wenyewe sehemu kubwa yake. Wakulima wadogo hawapokei wageni kila siku, kwa hiyo wapigieni simu mapema, hasa Septemba, wanapokuwa katika mavuno.