Mkopo wa nyumba kwa mshahara wa milioni 4

Dada, umesema wewe ni daktari, unabaki na milioni 4 baada ya makato, kodi ya pango Sinza, Dar es Salaam, inakumaliza, na benki iko tayari kukupa milioni 100 kwa riba ya asilimia 16, miaka 20. Piga hesabu kwanza: utakatwa kama milioni 1.39 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 334. Nyumba moja kwa bei ya tatu! Mimi nisingesaini. Tafuta kiwanja kilichopimwa, Kibaha au Kigamboni, uanze na vyumba viwili, uhamie hata kabla ya dari. Ila usitoe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki mmiliki halisi ni nani. Rafiki yangu aliuziwa kiwanja chenye wenyewe, hadi leo anazunguka mahakamani.