Shule inaongeza mshahara kweli au ni akili tu?

SWALI: Kaka habari za kazi, hivi maprofesa wa uchumi wanajuaje kama shule ndo inaongeza mshahara, si inawezekana aliyesoma sana alishakuwa na akili toka zamani au kwao zipo? Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama mdogo wangu, hilo swali ndo limempa Joshua Angrist, mchumi wa chuo cha MIT kule Marekani, ulaji wa maisha. Mwaka 1991 yeye na mchumi mwenzake Alan Krueger walichimba data za sensa ya Marekani wakaangalia mtu kazaliwa robo ipi ya mwaka, ndiyo, robo ya mwaka! Enzi za watu hao majimbo mengi kule uliruhusiwa kuacha shule ukifika miaka 16, sasa wa Januari alianza darasa la kwanza akiwa mkubwa kuliko wa Desemba, kwa hiyo 16 ilimkuta kasoma kidogo, na mwezi hauchagui mwenye akili. Wakakuta wa mwanzo wa mwaka wamepungukiwa shule kiduchu na mshahara nao kiduchu, hesabu ikatoa kwamba mshahara unapanda kama asilimia 7 hivi kwa kila mwaka wa shule. Walikosolewa sana, eti tofauti ni ndogo mno kubeba hesabu nzito hivo, na mi naona wakosoaji walikuwa na pointi. Ila 2021 Angrist akala Nobeli ya uchumi na wachumi wenzake David Card na Guido Imbens, Krueger alishafariki 2019.