Stika ya mionzi? Mkuu, usitoe hata mia

Unasema kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, simu iko sikioni kutwa, halafu kuna jamaa anataka akuuzie stika ya kuzuia mionzi kwa 35,000. Usimtumie. Futa na namba yake.

Mimi ni dalali wa viwanja, bila simu sili. Ganzi ilipoanza, "dokta" mmoja wa semina za ukumbini (udaktari wa suti na projekta) akanishika mkono, akasema mionzi inatafuna mishipa. Akanibandikia stika mgongoni mwa simu, akaniongezea na kidani. Nikakivaa, ndiyo, mzee mzima na ndevu zangu! Simu ikawa inakata chaji mchana kweupe. Kumbe kinachoziba antena kinailazimisha simu iongeze nguvu ili iufikie mnara, yaani nimelipia mionzi ya nyongeza. Tapeli mkubwa yule, na bado anapiga semina.

Hela si kitu. Kilichoniumiza ni ile miezi niliyokaa nasubiri kidani kifanye kazi huku kiwiko nimekikunja vilevile. Ikafika mahali funguo ya gari inanishinda kuzungusha, vifungo vya shati nafungwa na mke. Hospitali, daktari akagonga kwa kidole upande wa ndani wa kiwiko, shoti ikakimbia mpaka kidole cha mwisho. Mshipa wa fahamu unaopita pale umebanwa. Akanionyesha nyama kati ya gumba na shahada: imebonyea. Mpaka leo haijajaa yote.

Hiyo mionzi wanayokutishia, IARC, wakala wa saratani wa WHO, waliiweka kundi la 2B mwaka 2011, maana yake "huenda" inaleta saratani. Humo humo yumo na mshubiri, dondoo la majani yake mazima. Na mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na WHO, yakatoka 2024, hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo.

Wewe nyoosha kiwiko, basi. Vaa hedifoni au weka spika, usiegemeze kiwiko mezani, usiku kizungushie taulo kisikunjike ukilala. Mke wangu alicheka mpaka machozi, ila asubuhi vidole vilikuwa vyangu.

Sasa hivi angalia hiyo nyama kati ya gumba na shahada, linganisha mikono yote miwili. Ikiwa imebonyea upande mmoja, kesho hospitali, usisubiri majibu ya humu.