Muulize Fundi: Mpira wa vakyumu unanivuta mkono

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina kafremu kangu Keko, natengeneza meza na makabati ya mninga na MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa na gundi. Nimenunua vakyumu naifunga kwenye mashine ya msasa, vumbi limepungua kweli ila ule mpira na waya wa umeme vinanitesa, vinaburuzika juu ya meza vinakwama kwenye kona na kwenye klampu, mashine inainama inachora mbao ambayo nishailainisha. Nimeona wenzetu wanavining'iniza kwenye mkono wa chuma, wa dukani siuwezi bei. Naweza kuchomelea? Na mwenye fremu hataki nitoboe ukuta.

JIBU: Unaweza kabisa kaka, na ukuta hauuhitaji, mkono unafungwa kwenye mguu wa meza yako ya kazi ila iwe ile nzito, sio ya kubebwa na mtu mmoja.

Tafuta bomba la chuma la robo tatu ya inchi na kipande cha inchi moja. La robo tatu kwa nje lina kama milimita 27, la inchi moja kwa ndani linazidi hapo kidogo tu, kwahiyo moja linaingia ndani ya lingine na linazunguka bila kuchezacheza. Shida ni kwamba unene wa chuma unatofautiana na mengine yana mshono kwa ndani unaozuia, we usilipe kabla hujayachomeka humo humo dukani, muuza hadiwea akinuna mwache anune. Kipande cha inchi moja kizibe chini, kifunge kwenye mguu wa meza kwa bolti za U mbili, alafu la robo tatu lisimame kama mita mbili toka sakafuni na juu lichomelewe mkono wa mita moja na kidogo, na kichuma cha mshazari cha kuubeba. Weka pima maji wakati unafunga, maana nguzo ikiinama hata kidogo mkono utakuwa unajirudia wenyewe kule kulikoinama na utaulaani kila siku.

Mpira usiubane kwenye chuma. Uning'inize kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, vinanyumbuka, ukisogea navyo vinafuata. Pale mwisho unapoanza kushuka weka kipande cha bomba la plastiki la inchi nne kilichopasuliwa, mpira ulale juu yake, ukikunjika kwa kona kali upepo unapungua na vumbi linaganda hapo hapo.

Waya ufunge pamoja na mpira kwa vitambaa, ila uuache mrefu kidogo kuliko mpira, sababu ukivuta mpira unarefuka na waya haurefuki, utachomoka. Na hapa usilete uzembe: chuma kikikwaruza waya mpaka ukachubuka, mkono mzima unakuwa na umeme. Piga tupa kingo zote, waya upite ndani ya kipande cha mpira wa maji, na fundi umeme auunge huo mkono kwenye ethi, ule waya unaopeleka umeme ardhini. Vile vishoti vidogo vinavyochoma kidole mara moja moja ni vumbi linasuguana na plastiki, sio umeme wa TANESCO, lakini ukisikia ganzi inayoendelea zima swichi ya ukutani kabla hujagusa kitu kingine.

SWALI: Nikishafunga hiyo niache barakoa? Joto la Dar unalijua.

JIBU: Nalijua na bado hapana. IARC, wale watafiti wa saratani wa kimataifa, waliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na MDF inaongeza gundi yake yenye kemikali ya formaldihaidi. Vakyumu inavuta la kwenye mashine tu, ukifagia au ukipiga msasa wa mkono hakuna kinachovuta. Vaa barakoa ya N95, kile kitambaa cha shingoni hakizuii vumbi laini. Na jioni msipulizane nguo na kompresa mle ndani, tumieni hiyo hiyo vakyumu.