Zile za magoti mama hakuzihesabu

Mmeuliza wiki hii, ukiingia famasi unanunua tu na kuondoka au unaomba na ushauri? Mi miaka yote nilikua wa kununua tu, nafika kaunta nasema nipe za kichwa, natoa hela, nasepa.

Kilichonibadilisha ni mama. Ana presha, amlodipini anakunywa kila asubuhi hakosi, lakini kila akienda kliniki ni 160 na kitu, anaambiwa apunguze chumvi, anapunguza, inarudi palepale. Siku hiyo tumeenda kumnunulia dawa zake famasi moja huku Tabata tukamkuta mfamasia mwenyewe, binti mdogo tu, akamwamkia mama afu akamwambia kaa kwanza upumzike dakika tano, miguu chini, usiongee, nikupime. 168 kwa 98. Akauliza, mama ukiacha hizi unakunywa nini kingine? Sina kingine mwanangu. Hata za maumivu? Aah, za magoti, hizo mbona kila siku! Akafungua pochi akatoa kibahasha cha diklofenaki, kumbe ananunua duka la jirani, kidonge kimoja kila usiku, mwaka na zaidi, na mimi naishi nae nyumba moja sijui.

Yule binti akatueleza taratibu kwamba dawa za aina ile zinafanya chumvi na maji vibaki mwilini, presha inapanda, na figo nazo zinaumia. Akamwambia aziache, akampa parasetamo, akaandika kila kitu kwenye karatasi tumpelekee daktari wake. Baada ya wiki nne ikasoma 144 kwa 86. Ushauri hatukulipia hata mia.

Sasa watu wengi hawajui kwamba famasi na duka la dawa muhimu ni vitu viwili tofauti. Haya maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoa wa Ruvuma 2003 ili watu wa mbali na hospitali wapate dawa za uhakika, na yametusaidia sana, mtoa dawa wa pale kapewa mafunzo yake, ila famasi inasimamiwa na mfamasia, mtu kakaa chuo miaka minne anasoma dawa tu. Huyo ndo wa kumuuliza kama dawa zako zinagombana, au pampu ya pumu mtoto anaivutaje, au mseto wa malaria dozi ya pili unameza lini (ni baada ya masaa 8 jamani, sio kesho asubuhi). Tatizo mara nyingi unayemkuta kaunta siye, kwa hiyo uliza mfamasia yupo saa ngapi ujipange.

Na nyie wenye famasi naomba mtuwekee hata pazia na viti viwili pembeni, maana mtu ana muwasho sehemu za siri, nyuma yake kuna foleni ya watu watano na mmoja ni baba mkwe wake, huyo ataulizaje?